Mkono wa Baba Kwenye Kona ya Juu

Jioni moja, tukiwa tumemaliza kula, binti yangu alinionyesha video kwenye simu yake. Zilikuwa mbio za baiskeli za huko Ulaya, za wale wanaume waliokonda wanaolipwa mshahara kwa kukanyaga pedeli. Mmoja wao alikuwa ameachia usukani mita chache kabla ya mstari, mikono yote miwili juu, kichwa amekitupa nyuma kama mtu anayepokea mvua usoni. Mashabiki walikuwa wamekwisha kuanza kumshangilia. Ndipo kutoka ukingoni, karibu kabisa na uzio, akatokea mwingine ambaye hata mtangazaji alihangaika kulitafuta jina lake, amelala juu ya baiskeli, akampita kwa upana wa gurudumu moja.

"Mama, angalia sura za watu," binti yangu alisema, akairudisha video nyuma huku akicheka.

Niliziangalia. Kulikuwa na mwanamume mzima mwenye bendera mabegani aliyeweka mikono kichwani, na mwanamke aliyebaki mdomo wazi. Na kabla umati haujajua ufanye nini, kwa muda usiozidi pumzi moja, kulikuwa na kimya. Nilimwomba aizime. Aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia nimechoka, jibu ambalo nimelitumia mara nyingi tangu tumzike baba.

Kimya kile nakifahamu. Nilikisikia nikiwa na miaka minane, nimekaa juu ya jiwe kando ya barabara ya lami pale Nyakahura, miguu mitupu, vumbi la gulio likinuka samadi na ndizi mbivu. Nilidhani ni kimya cha heshima, kama kile cha kanisani padri anapoinua hostia. Nilikaa na dhana hiyo kwa muda mfupi tu, lakini ulitosha.

Baba yangu, Gaspari, alikuwa mbeba ndizi. Sisi ni Wahangaza wenye asili ya Kibimba, huko Ngara, ila babu alihamia upande wa Biharamulo kabla sijazaliwa, akajenga juu ya mlima ambao barabara inauzunguka kabla ya kuteremka Nyakahura. Kila wiki baba alikwenda na baiskeli yake hadi vilima vya Ngara, akarudi siku ya pili na mikungu iliyofungwa nyuma, mingine ikining'inia ubavuni, kiasi kwamba ukimwona kwa mbali ungedhani mgomba umeamua kusafiri. Siku ya gulio wafugaji waliokuja na ng'ombe wao walizinunua ndizi hizo. Baba alirudi nyumbani akinuka utomvu, grisi na jasho, na hadi leo nikipita mlangoni kwa fundi baiskeli hulazimika kusimama.

Wabeba ndizi hawakusafiri peke yao. Kila mmoja alikuwa na mwenzake wa njia, na wa baba alikuwa Evarist, ambaye mimi nilimwita baba mdogo ingawa hatukuwa na udugu wa damu. Watu wawili walipokubaliana kusafiri pamoja, walibadilishana mipira, yaani zile kamba nyeusi zinazokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu na kutumika kufungia mzigo. Mikungu ya baba ilifungwa kwa mpira wa Evarist, na ya Evarist kwa mpira wa baba. Ndivyo walivyofanya wote. Mzigo wako ukishikiliwa na kitu cha mwenzako, walisema, huwezi kumwacha porini akipata pancha.

Na mlimani walishika malori. Barabara ile ni ya malori yanayotoka na kwenda Rusumo, mpakani, na kwenye mwinuko wetu hata lori tupu lilipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea harakaharaka. Mbeba ndizi alisubiri limfikie, akatoa mkono wa kushoto, akashika chuma cha nyuma ya tela, akavutwa hadi kileleni, mkono wa kulia ukiushikilia usukani uliokuwa ukitetemeka. Wengine walianguka. Mmoja, jirani yetu, hakuinuka tena. Baba alikuwa stadi. Baadhi ya madereva walimfahamu, wakampigia honi na kupunguza mwendo wakimfikia kwenye kona ya juu, ambayo ilipita chini kidogo ya nyumba yetu. Siku za safari nilikaa ukingoni kumngoja. Nilimwona akitokea nyuma ya lori kubwa lenye maandishi nisiyoyajua, amelishika kwa mkono mmoja kana kwamba yeye ndiye anayelisukuma, na sikuwahi kuona kitu cha kishujaa kuliko hicho. Wavulana wa mlimani walipocheza, walicheza kushika lori. Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa kuna mahali ambapo jambo hilo ni aibu.

Mbio zililetwa na wafanyabiashara wa gulio wakishirikiana na kampuni moja ya vinywaji. Zingeanzia njia panda ya kwenda Ngara na kuishia Nyakahura, na mshindi angepewa baiskeli mpya na nafasi katika timu ya kampuni huko Mwanza, avae jezi, akimbie kwa mshahara. Lakini kila mtu alijua kwamba mshindi alikuwa amekwisha kupatikana. Timu hiyo ilimleta mwanamume mrefu ambaye watu walimwita Radi, mwenye mapaja yanayong'aa kwa mafuta na baiskeli nyepesi ambayo aliiinua kwa kidole kimoja mbele ya watoto. Zawadi ya kwanza ilikuwa ya kumkaribisha yeye. Wenyeji walikaribishwa kukimbia ili barabara isiwe tupu.

Baba alijiandikisha. Mama alicheka hadi akakaa chini.

"Baba Koleta, na keria yako hiyo?"

"Keria nitaifungua."

"Na magoti yako utayafungua pia?"

"Magoti yanaujua mlima kuliko huyo Radi wenu," baba alisema, naye akacheka. Ilikuwa mara ya mwisho kuwasikia wakicheka pamoja kwa namna ile, ingawa siku hiyo hapakuwa na alama yoyote ya kunionyesha kwamba niiweke akilini.

Evarist hakukimbia. Kamati ya mbio ilimteua kuwa msimamizi wa kona ya juu, kwa sababu alizijua mbinu zote za wabeba ndizi na malori hayakuzuiwa siku hiyo. Walimpa kitambaa chekundu. Akimwona yeyote ameshika lori, amwonyeshe kitambaa na kuliandika jina lake. Evarist alikuja kwetu asubuhi na kitambaa chake kimefungwa shingoni kama skauti.

"Gaspari, mimi na wewe leo hatujuani," alisema.

"Tangu lini ulinijua?" baba akamjibu, akaendelea kupaka cheni grisi.

Mimi niliondoka nyumbani mapema, muda mrefu kabla ya mkimbiaji yeyote kufika mlimani. Barabara inazunguka, lakini kuna njia ya mguu inayoshuka moja kwa moja kupitia mashamba ya mihogo, nami nilitaka nafasi ya mbele. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kila kitu kinasimama juu yake. Sikumwona baba akipanda mlima siku ile. Nilikuwa nimekwisha kukaa juu ya jiwe langu, hatua chache kutoka kwenye utepe.

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali popote ila Krismasi. Wapiga ngoma walikuwa wamepanga wimbo wa Radi na kulitia jina lake kwenye kiitikio. Mwuza nyama alikuwa ameahidi paja la mbuzi. Vijana walishika matawi ya mikalitusi, na mwalimu mmoja mwenye kipaza sauti cha mkononi alitangaza habari zilizoletwa na pikipiki: Radi yuko mbele, Radi yuko mbele sana, Radi anaingia mlimani peke yake. Kila tangazo liliitikiwa kwa ngoma. Kuhusu wenyeji alisema mara moja tu kwamba wako nyuma, na watu wakacheka kwa upendo.

Kisha tukamwona Radi kwenye mteremko. Alikuja ameinama, jezi yake nyekundu ikipiga kelele kwa upepo, na umati ukaanza kuimba. Nyuma yake kulikuwa na kitu kidogo cheusi ambacho hakuna aliyekijali. Radi alipoona utepe, aliinua mikono, akageuza uso upande wa wapiga ngoma ili wamwone vizuri. Alifanya hivyo mapema mno. Kile kitu cheusi kikapata miguu, kikapata shati la kaki lililochanika begani, na nililitambua lile shati kabla sijautambua uso, maana mimi ndiye niliyelifua. Baba alikuwa amesimama juu ya pedeli, baiskeli ikilala huku na huku chini yake, mdomo wazi, macho hayaoni mtu. Radi alisikia cheni. Alipogeuka, baba alikuwa amekwisha kuukata utepe.

Ngoma zilikatika moja baada ya nyingine, ya mwisho ikapigwa na mtu ambaye hakuwa ameona. Halafu kikaja kimya.

Hakuna aliyemkimbilia baba. Aliendelea kuserereka hadi karibu na mazizi ya ng'ombe, akashuka, akaegemea nguzo, akatapika. Vijana waliteremsha matawi yao taratibu. Mwalimu aliangalia kipaza sauti kana kwamba kingemwambia la kusema. Kisha kikazuka kicheko kifupi upande wa wafugaji, na baada yake maneno yakaanza kutambaa kutoka mtu hadi mtu.

"Huyu katokea wapi?"

"Si yule wa ndizi?"

"Mlima ule haupandwi hivyo na baiskeli ya chuma. Mlima ule naujua mimi."

"Labda kaja na ndege."

Mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi, aliyenifahamu, alinigusa kwa mguu. "Koleta, hebu tuambie. Baba yako ameota mabawa? Amepandaje?"

Nilisikia fahari ikinijaa kifuani. Watu wazima walikuwa wamenigeukia. Walikuwa wanauliza swali ambalo mimi peke yangu, kati ya umati wote ule, nilidhani nina jibu lake, na jibu lenyewe lilikuwa zuri. Nilitaka waache kumwona baba kama mtu aliyetapika karibu na ng'ombe. Nilitaka wamwone nilivyomwona mimi kutoka ukingoni.

"Ameshika lori," nilisema.

Waliangua kicheko, nami nikacheka nao. Mtu alinishika mkono, akanipeleka chini ya turubai la kamati. Mwenyekiti alikuwa mzee mpole mwenye miwani. Alichuchumaa ili macho yetu yalingane.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani kwenu ni pale juu, kwenye kona?"

"Ndiyo."

"Na umemwona baba akishika lori? Umeona kwa macho yako?"

"Ndiyo."

"Kwa mkono gani?"

"Wa kushoto. Lori la bluu, lina tela. Dereva alipiga honi."

Kila nilichosema nilikuwa nimekiona, siku nyingine, mara nyingi. Nilikisema kwa utaratibu kama tulivyofundishwa kujibu katekisimu, na kama katika katekisimu, jibu sahihi lilipata tuzo. Mwenyekiti aliwatazama wenzake, akavuta pumzi, akaagiza nipewe soda. Ilikuwa ya machungwa, ya moto kwa jua, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kupewa chupa nzima bila kugawana na mtu. Nilidhani ni sehemu ya zawadi za ushindi, na kwamba baba naye alikuwa anapewa ya kwake mahali fulani. Niliinywa polepole, gesi ikinichoma puani. Nikiwa katikati ya chupa, pikapu ya kamati iliwasili kutoka mlimani, na Evarist akaingia turubaini na kitambaa chake shingoni. Alinitazama, akaitazama chupa. Mwenyekiti akamwinamia na kumnong'oneza. Nilisikia Evarist akisema, "Si kweli. Nilikuwa pale, hakushika," na mwingine akamjibu, "Wewe ni mwenzake wa njia, hata mipira mmebadilishana. Utasema nini tena?" Mtu akaniambia nikanywe soda yangu nje.

Baiskeli mpya alipewa Radi. Ngoma zilipigwa upya, lakini watu waliimba kwa sauti ya chini. Baba aliitwa akaelezwa kwamba shahidi amemwona akishika lori. Alimtaka huyo shahidi. Mwenyekiti, kwa wema wake, alikataa kumtaja.

"Ni mtu wako wa karibu, Gaspari. Hana sababu ya kukuchukia. Yaache yaishe."

Baba alimwona Evarist akitoka chini ya turubai. Mlimani, kwenye ile kona, alikuwepo mtu mmoja tu.

Kesho yake asubuhi Evarist alikuja nyumbani. Baba alikuwa uani, ameipindua baiskeli, magurudumu juu, bila kuifanyia kazi yoyote. Mimi nilikuwa jikoni nikichochea moto wa maharage, na mlango ulikuwa wazi.

"Gaspari, niangalie."

"Nimekuangalia miaka yote."

"Sikusema mimi. Naapa kwa Mungu."

"Basi ni nani? Wewe ulikuwepo. Ninong'oneze tu, niridhike."

Evarist aligeuza kichwa, akanitazama kupitia mlango wa jiko, akatazama muda mrefu. Nilidhani ana kiu. Nilichota maji mtungini, nikampelekea kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa. Aliyapokea, akayanywa yote.

"Asante, Koleta," alisema.

"Umemaliza?" baba akamwuliza. Kisha akaingia ndani, akatoka na ule mpira mweusi wa mwenzake, akautundika begani kwa Evarist kama mtu anayetundika nguo kwenye kamba, akarudi ndani na kufunga mlango. Evarist alisimama uani kwa muda. Jioni ya siku hiyo tulikuta mpira wa baba umefungwa kwenye mti wa lango letu, kwa fundo la kufunguka kwa urahisi.

Tangu hapo baba alisafiri peke yake, na hakushika lori tena. Penye mwinuko alishuka, akaisukuma baiskeli na mikungu yake kutoka chini hadi juu, madereva wakimpigia honi bila yeye kugeuka. Alifika usiku, siku nyingine ndizi zimeshaiva njiani. Sijui alikuwa akimthibitishia nani. Gulioni walimwita Shika Lori, kwa utani tu, na hao waliomwita hivyo walikuwa wanunuzi wake. Mgongo wake ulianza kupinda kabla ya umri wake. Mama alimwomba apatane na Evarist, akakoma kumwomba, na hatimaye hata jina lenyewe likaacha kutajwa nyumbani.

Ni lini nilielewa? Ningependa kusema nilielewa nikiwa mtu mzima, lakini nilielewa mapema zaidi. Shuleni, msichana mmoja aliponiita mtoto wa Shika Lori, nilimpiga, na nikiwa bado nimemshika nywele nilihisi ladha ya soda ya machungwa mdomoni. Nilikuwa na miaka kumi. Mwaka uliofuata niliingia kwenye kitubio changu cha kwanza nikiwa nimejiandaa, nimelipanga neno kwa neno. Nilipopiga magoti nikamwambia padri kwamba niliiba sukari. Nilipewa Salamu Maria tatu.

Baada ya hapo kimya kilikua pamoja nami. Nilikwenda sekondari, nikaenda chuo, nikawa mkufunzi wa ualimu ninayefundisha vijana jinsi ya kumsikiliza mtoto anapojibu swali. Kila nilipokuja likizo nilisema nitamwambia baba kabla sijaondoka. Nilimkuta amekaa mlangoni, anatazama barabara. Nilimsalimia, nikamkatia kucha, tukazungumza kuhusu mvua. Mara moja tu aliligusa jambo lenyewe. Lori lilikuwa likipanda, naye akasema, kama anayezungumza na lile lori, "Angeniambia tu ni njaa. Angesema walimpa kitu. Ningemwelewa." Nilifungua mdomo. Mama akaniita nikaonje chumvi, nami nikaenda kuonja chumvi.

Alipofariki, familia iliniteua kuandika na kusoma wasifu wa marehemu, maana mimi ndiye niliyesoma. Niliuandika kwa uangalifu. Niliweka kuzaliwa kwake Kibimba, ubatizo, ndoa, watoto, kazi yake, ugonjwa wake na daktari aliyempokea vizuri. Niliusoma chini ya turubai la msiba, sauti yangu ikakatika mahali panapostahili. Nyuma kabisa, nje ya kivuli, kwenye mstari wa migomba, alisimama mzee mwembamba mwenye fimbo ambaye nilimtambua na kujifanya sikumtambua.

Alinifuata watu walipokuwa wakinawa mikono baada ya mazishi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba." Aliiegemea fimbo yake. "Umesoma vizuri. Kiswahili kizuri sana. Nilikuwa nangoja ufike mlimani."

Sikuweza kumtazama. Niliitazama fimbo yake, ambayo ilikuwa imezungushiwa mpira mweusi mahali pa kushikia.

"Ulijua," nilisema.

"Nilikukuta na chupa mkononi."

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba ni mtoto wake?" Alikohoa, akatema pembeni. "Nilisema, atasema mwenyewe. Yeye ni mtoto, kesho atasema. Ukapata komunyo, nikasema sasa. Ukaenda sekondari, nikasema akirudi likizo. Siku ya harusi yako nilisimama hapahapa kwenye migomba mpaka mkakata keki. Sikualikwa, lakini nilisimama. Nilisema, leo amefurahi, leo atasema."

"Nisamehe, baba mdogo."

"Mimi?" Alilifikiria neno hilo kana kwamba limekuja kwa mtu asiyehusika. "Mimi nilikuwa namtaka mwenzangu wa njia."

Nilimwuliza kitu ambacho sikuwahi kumwuliza mtu, kwa sababu kukiuliza kungekuwa kukiri. Nilimwuliza baba alipandaje. Evarist alinieleza akiwa amesimama, bila haraka, akionyesha kwa fimbo upande wa kona ambayo kutoka pale tuliweza kuiona. Alipomaliza alisema, "Ego," ndiyo yetu ya nyumbani, kama mtu anayefunga mlango, akaondoka kupitia mihogo. Hakukaa matanga.

Karatasi ya wasifu bado ninayo, imekunjwa mara nne ndani ya kitabu cha sala cha baba. Kati ya ndoa yake na ugonjwa wake nilikuwa nimeacha mistari mitupu, na usiku ule binti yangu alipokwenda kulala niliijaza kwa kalamu. Nimekwisha kumwomba katekista nafasi ya kuisoma tutakapoweka msalaba kaburini. Nimemtumia ujumbe Evarist aje asimame mbele, nami sijapata jibu. Aya ni fupi, na hakuna tena wa kuisikia kwa namna ambayo ilipaswa kusikiwa.

Siku ya mbio, kwenye kona ya juu, lori lilimfikia Gaspari kwa nyuma. Dereva alimfahamu, akapiga honi, akapunguza mwendo. Gaspari alitoa mkono wa kushoto kwenye usukani, akauinua, akamwashiria apite.